Maili za Angani na Saa za Msafiri: Kutoka Migori na Homa Bay hadi New York

Siku hizi ni vigumu kuupata mtaa katika Migori au Homa Bay usio na mtu wake ng'ambo. Nyumba hii ina kijana asomaye Marekani, nyumba ile ina binti afanyaye kazi ya uuguzi Uingereza, na ya tatu inamngoja mtoto wake arudi kutoka Doha. Kila mmoja wa hao, kabla hajafunga mizigo, aliuliza maswali mawili yaleyale: Huko ni mbali kiasi gani? Na safari itachukua saa ngapi? Maswali hayo yafanana kama mapacha, na watu wengi huyajibu kwa jibu moja. Huhesabu kilomita, wakazigawanya kwa mwendo wa ndege, wakadhani ya kuwa wamekwisha kuzijua saa za safari. Hesabu ya namna hiyo yaweza kumkosesha mtu ndege ambayo nauli yake imechangwa na ukoo mzima, na tiketi iliyokwisha kupitwa na saa yake aghalabu hairudishiwi fedha.

Jambo lenyewe si gumu. Laeleweka vizuri zaidi mtu akianza na miji miwili anayoijua kwa miguu yake, kisha akaenda mbali.

MIJI MIWILI KATIKA MSTARI MMOJA

Msomaji na aitazame ramani ya Nyanza. Mji wa Homa Bay upo kando ya Ghuba ya Winam, digrii 0 na dakika 32 kusini ya Ikweta. Mji wa Migori upo digrii 1 na dakika 4 kusini ya Ikweta. Kwa upande wa mashariki na magharibi miji hiyo karibu haipitani hata kidogo: Homa Bay ipo digrii 34 na dakika 27 mashariki, na Migori imezidi kwa dakika moja tu. Maana yake ni kwamba mji mmoja uko kusini ya mwenziwe karibu sawasawa, mfano wa watu wawili waliosimama katika foleni.

Dakika hizo si dakika za saa. Wataalamu wa ramani waliigawanya duara ya dunia katika sehemu 360 ziitwazo digrii, na kila digrii wakaigawanya katika dakika 60. Dakika moja ya kwenda kaskazini au kusini ndiyo maili moja ya baharini, nayo ni kilomita 1.852, ni ndefu kuliko maili ya barabarani, ambayo ni kilomita 1.609. Manahodha waliipenda maili hiyo kwa sababu iliwawezesha kupima umbali juu ya ramani bila ya hesabu nyingi, na marubani wa ndege wakairithi kwao. Basi Migori iko dakika 64 kusini ya Ikweta, na Homa Bay dakika 32. Mtu akiondoa 32 katika 64 atabakiwa na 32, na hizo ndizo maili za baharini zilizoko baina ya miji hiyo. Zikigeuzwa ni kama kilomita 59. Na hata ukiongezwa ule mwachano mdogo wa mashariki na magharibi, hazipiti 60. Mtoto wa shule ya msingi aweza kuifanya hesabu hii kwa kalamu, naye rubani wa ndege kubwa hafanyi jambo lililo tofauti sana na hilo.

Lakini hakuna matatu ipitayo katika mstari huo. Mstari wenyewe hukata mashamba ya watu, huvuka Mto Kuja, huiacha Ndhiwa upande wa magharibi na Awendo upande wa mashariki. Barabara kuu itokayo Migori hupita Uriri na Awendo, kati ya mashamba ya miwa, hata ikafika Rongo. Hapo msafiri wa Homa Bay hugeukia kushoto, akapita Rodi Kopany na kuteremka ziwani. Njia hiyo ni yapata kilomita 75, yaani imezidi mstari wa ramani kwa robo nzima. Na kwa kuwa matatu husimama kila kituo kupakia na kushusha watu, safari huchukua saa moja na nusu, pengine mbili. Hapo msomaji ameona tofauti ya kwanza: umbali wa ramani ni mmoja, umbali wa barabara ni mwingine.

NDEGE YA DAKIKA KUMI NA MBILI

Miji yote miwili ina kiwanja cha ndege ndogo. Migori ina Lichota, na Homa Bay ina Kabunde. Ndege ndogo ya injini moja ya aina ya Cessna Caravan, ambayo hutumiwa sana katika Afrika ya Mashariki, huenda kilomita 300 kwa saa moja, au zaidi kidogo. Ikichukuliwa hesabu ya 300, kilomita 60 zitakwisha kwa dakika 12. Mtu aweza kushangaa akasema, "Dakika kumi na mbili badala ya saa mbili!" Angojee kwanza.

Abiria huyo lazima atoke nyumbani kwake mpaka Lichota. Lazima awahi, maana mizigo hupimwa. Na katika ndege ndogo wakati mwingine abiria mwenyewe hupanda juu ya mizani, kwa sababu uzito wa watu kumi waweza kuwa mkubwa kuliko ulivyoonekana. Halafu injini huwashwa, ndege huenda polepole hadi mwisho wa kiwanja, hugeuka, hupaa. Wakati wa kupanda juu haiendi mwendo wake kamili, na wakati wa kushuka hupunguza mwendo. Ikishatua, abiria hungoja mizigo yake ishushwe, kisha hutafuta boda boda au motokaa ya kumfikisha mjini. Hata katika kiwanja kisicho na foleni, shughuli hizo hula saa moja na nusu au zaidi. Mwisho wake, mwenye kupanda ndege hufika mjini Homa Bay kama wakati uleule afikao aliyepanda matatu, na nauli aliyoitoa imempita mwenziwe mara nyingi. Ndiyo sababu hakuna mfanya biashara mwenye akili zake atakayetafuta riziki kwa ndege ya abiria baina ya Migori na Homa Bay.

Kutokana na mfano huo yafahamika ya kuwa kila safari ya ndege ina saa za namna mbili. Ziko saa za mwendo, ambazo huzidi kadiri umbali unavyozidi. Tena ziko saa za kudumu, yaani za kwenda kiwanjani, kupimwa, kukaguliwa, kungoja na kutoka. Nazo hazijali kama mtu anakwenda kilomita 60 au 6,000. Safari ikiwa fupi, saa za kudumu huzimeza saa za mwendo.

KUTOKA NAIROBI

Sasa na uangaliwe mji wa Nairobi. Kwa mstari wa angani, Migori iko kilomita 262 kutoka Nairobi, na Homa Bay kilomita 276. Tofauti ni kilomita 14 tu, ingawa watu wengi hudhani Migori kuwa mbali zaidi kwa sababu iko karibu na mpaka wa Tanzania. Mstari wa kwenda Migori huelekea magharibi karibu moja kwa moja: hupita juu ya Bonde la Ufa karibu na Mlima Suswa, huiacha Narok kidogo upande wa kaskazini, kisha hupita kusini kidogo ya Kilgoris. Barabara haiwezi kufuata njia hiyo. Hushuka katika Bonde la Ufa, hupanda tena, hupita Narok na Bomet, huenda kaskazini mpaka Kisii, ndipo irudi kusini kwa njia ya Rongo na Awendo. Kilomita 262 zimekuwa yapata 370.

Basi hupita njia hiyo kwa saa saba au nane, na wakati wa mvua kubwa, au lori likianguka mlimani, hakuna awezaye kuahidi. Ndege ndogo huruka karibu saa moja. Mtu akijumlisha saa za kudumu, pamoja na msongamano wa motokaa katika Nairobi kutoka kiwanja cha Wilson mpaka katikati ya mji, atapata saa tatu na nusu au nne. Hapa ndege imeshinda, na imeshinda waziwazi.

Hata hivyo ndege ndogo ina adui zake. Katika nchi za ziwa, mawingu ya radi hujikusanya aghalabu mchana kuelekea jioni juu ya vilima vya Kisii na Kericho, na usiku juu ya ziwa lenyewe. Kiwanja kisicho na taa hakipokei ndege baada ya jua kutua. Rubani asiyeona vizuri atarudi alikotoka, wala si haki kumlaumu. Kwa hiyo abiria mwenye safari ya mbali zaidi, ambaye ndege yake kubwa yaondoka usiku uleule, asiitegemee ndege ndogo ya alasiri kama kwamba ni gari moshi lenye reli yake.

MSTARI ULIOPINDA NDIO MFUPI

Tarehe 28 Oktoba, 2018, kampuni ya Kenya Airways ilianza safari ya kutoka Nairobi hadi New York bila ya kutua njiani. Umbali wa mstari wa angani kati ya viwanja hivyo viwili ni yapata kilomita 11,840, ambazo ni maili 7,360 hivi za barabarani. Mtu akiutafuta mstari huo katika ramani iliyobandikwa ukutani mwa shule, atakosea. Ramani ya ukuta ni karatasi bapa, na dunia ni mviringo kama chungwa. Ngozi ya chungwa haiwezi kutandazwa mezani bila ya kupasuka au kuvutwa. Wenye kuchora ramani huchagua kuivuta, na sehemu za kaskazini ndizo zivutwazo zaidi.

Katika ramani ya namna iliyobuniwa na Mercator mwaka 1569, mtu akiweka rula kati ya Nairobi na New York, rula itapita juu ya Nigeria na Mali, na kuingia baharini kutoka Mauritania. Lakini akichukua tufe, yaani mfano wa dunia wa mviringo, na kuvuta uzi kati ya miji hiyo hata ukazike, uzi utakwenda upande mwingine. Utaondoka Nairobi kuelekea kaskazini-magharibi, utapita karibu na Mlima Elgon, kisha kaskazini ya Uganda, Sudan Kusini, Chad, Niger na Algeria, na utaiacha Afrika katika pwani ya Morocco. Juu ya ramani ya ukuta njia hiyo huonekana imepinda kama upinde. Juu ya dunia yenyewe ndiyo iliyonyoka. Njia ya rula ni ndefu kuliko ya uzi kwa kilomita 350 hivi, na mafuta ya kuruka kilomita 350 si kitu cha kutupwa.

Njia hiyo ya uzi wataalamu huiita duara kuu, kwa sababu uzi ukiendelezwa utaizunguka dunia na kuikata katika vipande viwili vilivyo sawa. Mtu wa Migori aendaye Homa Bay naye husafiri juu ya duara kuu pasipo kujua, maana kila mstari ulionyoka wa kaskazini na kusini ni kipande cha duara kuu. Lakini kwa kilomita 60 kupinda kwa dunia hakuonekani.

Ndege kubwa za siku hizi huenda yapata kilomita 900 kwa saa. Kilomita 11,840 zikigawanywa kwa 900 hutoa saa 13 na kitu. Mbona basi safari ya kwenda New York ilitangazwa kuwa ya saa 15 hivi, na ya kurudi saa 14? Sababu ziko zaidi ya moja. Ndege hupoteza wakati katika kupaa na kutua. Tena haifuati uzi sawasawa, bali hufuata njia zilizopangwa na waongozaji wa anga wa kila nchi, na pengine hulazimika kuzunguka nchi yenye vita. Mwezi Aprili 2023 vita vilipozuka Sudan, anga ya nchi hiyo ilifungwa, na ndege zilizozoea kuipita zikiwa zinakwenda Ulaya zikalazimika kutafuta njia nyingine. Lakini sababu kubwa ya tofauti ya kwenda na kurudi ni upepo. Juu sana, kama kilomita 10 kutoka chini, katika nchi za kaskazini hupita mikondo ya upepo wenye nguvu utokao magharibi kwenda mashariki. Nguvu yake mara nyingi hupita kilomita 150 kwa saa. Ndege iendayo Marekani hukabiliana nao uso kwa uso, na irudiyo husukumwa mgongoni. Wavuvi wa Homa Bay hawahitaji kuelezwa zaidi juu ya jambo hilo. Kutweka tanga kwenda na upepo si sawa na kurudi dhidi yake.

WALIOTANGULIA

Watu wa nchi za ziwa walikuwa kati ya wa kwanza katika Afrika ya Mashariki kuziona ndege zitokazo Ulaya. Tarehe 28 Februari, 1931, kampuni ya Imperial Airways ya Uingereza ilianza kupeleka barua kwa ndege kutoka Croydon, karibu na London, mpaka Mwanza. Kuanzia Khartoum zilitumiwa ndege zituazo juu ya maji, nazo zilitua Port Bell, Kisumu na Mwanza. Msomaji akiweka rula kati ya Kisumu na Mwanza ataona ya kuwa inapita karibu juu ya mji wa Homa Bay. Safari yote ilipangwa kuchukua siku kama kumi, kwa kuwa ndege za siku zile hazikuruka usiku, na njiani kulikuwa na sehemu za kupanda gari moshi. Lakini barua iliyokuwa ikifika kwa meli na reli baada ya majuma mengi sasa ilifika kwa siku kumi, na watu wakaona ajabu.

Kisha ikaja safari iliyogusa nyumba nyingi. Mwezi Septemba 1959, wanafunzi 81 kutoka Kenya walipelekwa Marekani kwa ndege iliyokodiwa, wakafika New York tarehe 9. Safari hiyo ilishughulikiwa na Bwana Tom Mboya pamoja na rafiki zake wa Marekani. Bwana Mboya ni mtu wa Kisiwa cha Rusinga, katika nchi iitwayo sasa Kaunti ya Homa Bay, na huko ndiko alikozikwa mwaka 1969. Ndege ile ya 1959 haikuweza kuruka moja kwa moja kama zile za 2018. Ilibidi itue njiani. Walioondoka waliagana na wazee wao kama watu wasiojua wataonana lini.

SAA YA TIKETI NA SAA YA JUA

Sasa latakiwa neno juu ya saa, maana hapa ndipo wasafiri wengi zaidi hukosea, wala si kwa sababu ya ujinga.

Jua huzunguka, au kwa kweli dunia huzunguka, digrii 15 kwa kila saa moja. Kati ya Nairobi na Homa Bay mna digrii mbili na dakika 22 kwa upande wa mashariki na magharibi, kwa hiyo jua la Homa Bay huchelewa nyuma ya lile la Nairobi kwa dakika tisa hivi. Hakuna ajuaye tofauti hiyo, kwa sababu Kenya nzima, pamoja na Tanzania na Uganda, hufuata saa moja. Saa hiyo imewekwa kwa kufuata mstari wa digrii 45 mashariki, ambao uko mbali baharini kupita Lamu. Ndiyo sababu katika Migori na Homa Bay jua hufika kati ya mbingu, kwa wastani, yapata saa sita na dakika 42 mchana, wala si saa sita kamili. New York iko mbali zaidi upande wa magharibi, na saa yake iko nyuma ya saa ya Kenya kwa saa nane wakati wa baridi yao, na kwa saa saba wakati wa joto, kwa kuwa Wamarekani husogeza saa zao mara mbili kila mwaka.

Chukua mfano huu. Tiketi yasema: kuondoka Nairobi 23:30, kufika New York 06:30. Mtu husoma akahesabu kuwa ni saa saba za safari. Kumbe ni saa 15. Saa saba zilionekana, na saa nane zimefichwa katika tofauti ya nchi mbili, kwa sababu tiketi hutaja kila saa kwa desturi ya mahali ilipo.

Kosa la pili ni la tarehe. Tiketi ikisema 00:30 tarehe 14, maana yake ni saa sita na nusu usiku, usiku ule ambao watu wengi wa Afrika ya Mashariki wangeuita usiku wa tarehe 13. Msafiri anayekuja kiwanjani tarehe 14 jioni atakuta ndege yake iliondoka karibu siku nzima iliyopita. Na kosa la tatu ni la kuchanganya saa za Kiswahili na saa za tiketi. Tiketi yasema 07:00. Hiyo ni saa moja asubuhi. Bibi wa nyumbani akiisoma "saa saba" na kumwambia mjukuu wake hivyo, mjukuu atawasili saa saba mchana akiwa amevaa suti yake mpya, na ndege imekwenda. Dawa ya makosa hayo ni nyepesi: tarehe na saa ya kuondoka iandikwe katika karatasi kwa maneno ya Kiswahili, pamoja na jina la siku, nayo isomwe na mtu wa pili.

KUHESABU KINYUMENYUME

Ikubaliwe basi kwamba kijana wa Suna, mjini Migori, amepata nafasi katika chuo cha New York, na ndege yake yaondoka Nairobi saa tano na nusu usiku. Asianze kuhesabu kutoka nyumbani kwake. Aanze na saa ile ya kuondoka, arudi nyuma. Safari za ng'ambo humtaka abiria awe kiwanjani saa tatu mapema. Basi awe kiwanja cha Jomo Kenyatta saa mbili na nusu usiku. Kuvuka Nairobi jioni kwaweza kuchukua saa mbili, basi awe ameingia mjini kabla ya saa kumi na mbili na nusu. Basi lake huchukua saa nane, na kwa hadhari aongeze mbili au tatu za pancha, mvua na mizani ya barabarani. Hapo ataona ya kuwa hana budi kuondoka Migori saa moja asubuhi, wala asichelewe kwa kuagana na kila jirani.

Msomaji na atazame jinsi saa hizo zilivyogawanyika. Tangu kuondoka Migori hata ndege kubwa ipae ni saa 16 na nusu, na kijana amekwenda kilomita 262 tu kwa mstari wa angani. Tangu kupaa hata kufika New York ni saa 15, na amekwenda kilomita 11,840. Sehemu ya kwanza ya safari ni ndogo mara arobaini na tano kuliko ya pili, lakini imemla saa nyingi zaidi.

Je, angepanda ndege ndogo Lichota? Angetoka nyumbani, tuseme, saa nne asubuhi, akaruka saa sita, na kufika Wilson saa saba mchana. Kisha angengoja kama wenzake mpaka saa tano na nusu usiku. Jumla ni saa 13 na nusu. Ameokoa saa tatu tu. Faida yake ya kweli ni kupumzika na kuepukana na hatari za barabara, si wingi wa saa. Na mwenye fedha kidogo aweza kupata faida iliyo kama hiyo kwa njia ya kale kabisa: apande basi siku moja kabla, alale Nairobi kwa jamaa. Usiku mmoja kwa shangazi hugharimu kilo ya samaki wa kukaushwa kutoka Homa Bay, na shangazi hatalalamika.

Wazee watakaobaki nyumbani nao wana hesabu yao. Ndege ikipaa saa tano na nusu usiku, wasikae na simu mkononi alfajiri wakiingiwa na hofu kwamba mtoto hajapiga. Wakati huo yuko juu ya Jangwa la Sahara au ya bahari ya Atlantiki. Atakapotua New York jua la huko litakuwa linachomoza tu, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, na katika Migori itakuwa saa nane na nusu mchana. Bado atapanga foleni ya kukaguliwa pasipoti na kungoja mizigo yake, na hizo nazo ni saa za kudumu. Simu yake na ingojewe baada ya saa kumi jioni.